Malkia Wawili Wasiowahi Kuonana

Niligombana na malkia wa Uingereza siku yangu ya tatu kazini, nikiwa nimeshika bakuli la uji.

Nilikuwa nimeajiriwa kumtunza bibi mmoja wa Kizungu huko Golden Valley, jimbo la Minnesota, Amerika, mwalimu wa historia aliyestaafu zamani, umri wake ukikaribia miaka tisini. Zamu yangu ilikuwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Usiku binti yake alilala naye. Jumamosi na Jumapili alikuja mhudumu mwingine, kutoka ofisi nyingine, ambaye binti alimwita tu "msichana wa wikendi". Sikuuliza ni nani. Nimefanya kazi hii ya kunyanyua wazee kwa miaka kumi na minane, na nimejifunza kwamba ukiuliza sana mwishowe utaombwa ushike zamu ya mtu.

Miguu ya bibi ilikuwa imegoma, lakini kichwa chake asubuhi kilikuwa kikali kuliko changu. Alasiri ndipo kilipoanza kufifia, hasa miezi ile ya baridi ambapo jua la Minnesota huaga mapema kama mgeni asiyependa chakula chenu.

Ukuta mzima wa chumba chake cha kulia, pale ambapo wenzake hutundika picha za wajukuu, yeye alikuwa ametundika ukoo wa malkia. Ilikuwa karatasi ndefu, vipande vingi vimegundishwa, na mistari ya wino mwekundu ikishuka kutoka kwa mama kwenda kwa binti, ikikatika, ikirudi kupitia kwa shangazi, ikianza tena. Wafalme walikuwamo pale tu walipohitajika ili malkia azaliwe. "Wanaume nimewaweka kama madaraja," aliniambia. "Unavuka, unaendelea na safari."

Siku hiyo ya tatu akanionyesha kwa fimbo yake malkia wawili na kusema huyu alitia sahihi, binamu yake akakatwa kichwa. Nikamwuliza, binamu wa namna gani? Kwa maana Kiingereza kina neno moja la binamu, na humo hutupwa kila mtu kama nguo kuukuu kwenye pipa la msaada. Kwetu mtu hawezi kusema hivyo akaachwa aende. Lazima aeleze njia aliyopitia.

"Baba yake huyu aliyeuawa," akasema, "alikuwa mtoto wa shangazi yake huyu aliyeua."

Nikahesabu. Mtoto wa shangazi yangu, mimi namwita kaka, sina jina lingine la kumwita. Basi binti yake ni binti wa kaka yangu.

"Huyo si binamu," nikamwambia, na sauti ikapanda bila kutaka. "Huyo ni mtoto wake. Huyo alipaswa kumwita shangazi. Mtu gani anamkata kichwa mtoto wa kaka yake?"

Bibi akashusha fimbo. Akasema amesomesha habari ile maisha yake yote na hakuna aliyewahi kuisema hivyo. Akaomba kalamu. Akanitaka nimtajie herufi moja moja, na juu ya mstari mwekundu kati ya wale wanawake wawili akaandika: shangazi.

Nilicheka. Lakini nilipoangalia bakuli, uji ulikuwa umenimwagikia hadi kwenye kiatu, kwa sababu na mimi nilikuwa na binti wa kaka.

Niseme mapema, nisije nikaonekana mwema. Kaka yangu na mkewe walifariki mmoja baada ya mwingine, wakaacha msichana wa miaka tisa, na mimi nisiye na mtoto nikamchukua. Nilimlea kwa simu na kwa watu, kisha nikamleta Amerika, akaingia chuo, akaishi nami Oakdale kwenye chumba cha chini chenye dirisha dogo. Aliniita Tata. Ndivyo tunavyomwita shangazi kwa lugha ya nyumbani. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na haki ya kuniita neno hilo, kwa kuwa nilikuwa na kaka mmoja na kaka alikuwa na mtoto mmoja.

Akashika mimba mwaka wa pili wa chuo. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa akina mama kanisani, ndiye niliyesimama mbele kuwafundisha wasichana wa watu jinsi ya kujitunza. Nilimwambia aondoke. Ilikuwa Januari, na nilimpa muda wa kuvaa koti. Mlangoni aligeuka akasema, "Tata, tafadhali," nami nikamjibu: "Usiniite Tata tena. Mimi si Tata wa mtu."

Hakuniita tena. Nikaifungia namba yake kwenye simu yangu ili nisijue kama anapiga. Nilisikia amehamia Minneapolis, nikasikia amejifungua, na yule aliyeniletea habari alipofungua mdomo kuongeza jambo, nilinyanyua mkono. Sikujua kama ni mvulana au msichana. Wanawake wa kanisa wakajifunza kunyamaza nikiingia. Mtu asiyetaka kujua anaweza kukaa bila kujua miaka mitatu, hata katika mji ambao Wakenya wote wanajuana hadi rangi za magari yao.

Sasa nirudi kwenye nyumba ile, kwa sababu hata siku ya kwanza ilikuwa na kioja chake. Nilimwambia bibi jina langu. Kila mzungu niliyewahi kumtunza amelikata, amelifupisha, ameliuliza mara tatu halafu akaomba ruhusa ya kuniita kitu kingine. Huyu alilitamka lote, kwa uzito unaotakiwa, kama mtu aliyezaliwa mtaa mmoja nasi. Kisha akatabasamu na kusema:

"Ah! Basi wewe ni wa Pili."

Nilidhani ni mzaha wa malkia, wale wanaoitwa wa Kwanza na wa Pili. Akawa ananiita hivyo kila asubuhi, jina langu na namba yake. Nilizoea. Hata nikapenda kidogo, nisidanganye.

Jambo la vikombe lilianza Jumatatu ya pili. Niliingia, nikavua mabuti, nikaenda jikoni kuchemsha maji. Mezani palikuwa na kikombe kimefunikwa kwa kisahani, na juu ya kisahani kijiko kimelazwa kulia kwenda kushoto. Nilifunua. Ilikuwa chai ya maziwa, imepoa kabisa, ina tangawizi.

Nyumba hiyo haikuwa na tangawizi. Nilitafuta kabati zote. Na bibi hakunywa chai ya maziwa, alikunywa kahawa nyepesi inayoonyesha sakafu ya kikombe. Lakini kilichonitoa jasho hakikuwa chai, kilikuwa kile kijiko. Mama yangu mzazi, maisha yake yote, aliacha kikombe kimefunikwa namna hiyo kwa mtu ambaye bado hajafika. Kisahani juu, kijiko juu ya kisahani, maana yake: hiki kina mwenyewe, msiguse. Mama yangu nilimzika miaka mingi kabla, katika udongo mwekundu, na alikufa bila kujua Minnesota ni kitu gani.

Niliimwaga chai kwenye sinki. Nikasuuza kikombe mara mbili kwa maji ya moto.

Jumatatu iliyofuata kilikuwepo tena. Na iliyofuata. Wiki nzima hakuna kitu, Jumatatu kikombe. Na kitanda pia: blanketi la miguuni lilikuwa limekunjwa ncha yake ndani kwa pembetatu, jinsi mama alivyonifunza na jinsi mimi nilivyofunza mtu mmoja tu. Hapo akili yangu ilifika mlangoni ikakataa kuingia. Badala ya kufikiri nilianza kukemea pepo. Nilikuwa naomba kwa sauti ndogo kuanzia kwenye barabara kuu, na kumwaga kila chai niliyoikuta.

Rafiki yangu mmoja, Mkenya anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee, nilimpigia saa ya chakula cha mchana nikamweleza.

"Wewe, toka hapo," akasema. "Hiyo nyumba iko na kitu. Mimi ninge-quit hata kabla sija-finish shift."

"Na kama ni mtu tu ameiacha?"

"Mtu gani? Mzungu anajua tangawizi? Na kijiko juu? Nani amemshow?"

Nilimwaga nikarudi kwa bibi. Sikuacha kazi. Kulikuwa na ubishi fulani ndani yangu uliotaka kuona mwisho wake, na tena nilikuwa nimempenda yule bibi.

Alasiri alinisomea wale wanawake wake, mmoja mmoja, fimbo ikipanda na kushuka. Huyu alikuwa msichana mdogo aliyetawala siku chache tu, akauawa kwa amri ya mwanamke ambaye, kwa hesabu yangu, alikuwa mama yake mkubwa. Hawa walikuwa dada, baba mmoja na mama tofauti, waliogopana maisha yao yote, na leo wamelazwa kaburi moja, mmoja juu ya mwingine. Hawa wengine walikuwa dada wa tumbo moja. Waligombana, wakaacha kusemezana, na mmoja akafa ghafla kwa ndui kabla hawajapatana. Yule aliyebaki alizaa na kuzika, akazaa na kuzika, mpaka hakuna mtoto aliyebaki wa kumwachia kiti.

"Hii familia imelogwa," nilimwambia.

"Ni familia tu," akasema. "Tofauti ni kwamba hawa waliandikwa."

Siku moja nilimwuliza kuhusu wale wawili wa kwanza, shangazi na binti wa kaka. Nilitaka kujua walisemezana nini walipokutana.

"Hawakukutana," akasema.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Watu hupenda kudhani walionana, kwa sababu haivumiliki vinginevyo. Yule mdogo alikimbilia kwa mkubwa kuomba hifadhi. Mkubwa akamfungia, leo jumba hili, kesho lile, karibu miaka ishirini. Waliandikiana barua. Ndani ya nchi moja, chini ya mvua moja, na hawakuwahi kuketi chumba kimoja." Akapumua. "Na alipokwisha kutia sahihi, akasema hakukusudia karatasi ile ipelekwe. Akamtupia lawama karani."

Nilisimama nikaenda kukunja taulo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Kwa sababu mimi pia nilikuwa na karani wangu. Kila nilipoulizwa, nilisema ni kanisa, ni utaratibu, kiongozi hawezi kuwa na mambo mawili. Mchungaji wa watu hakuwahi kuniambia nimfukuze mtoto. Niliitia ile sahihi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mlango ukiwa wazi na baridi ikiingia.

"Na yule malkia wa juzi," nikauliza kutoka mbali, "huyu aliyezeeka akiwa kwenye kiti, alitoka kwa nani?"

"Kwa yule aliyekatwa. Wote waliofuata wametoka kwake. Yule aliyekata hakuacha mtu."

Hakujua alichonifanyia. Au labda alijua, sina hakika tena.

Mwezi wa Februari baridi ilikaza hadi theluji ikawa inalia chini ya kiatu. Jumatatu moja nikiendesha kutoka Oakdale niliona jua limechomoza nyuma yangu kwenye kioo, na kila upande wake jua jingine dogo la uongo. Huku ni jambo la kawaida siku za baridi kali. Mimi sijawahi kulizoea. Nilifika nikiwa tayari nimeogopa.

Kikombe kilikuwepo. Nikamwaga. Nikaenda chumba cha kulia kufungua pazia, na kwenye kioo cha dirisha, chini kabisa, usawa wa goti langu, kulikuwa na alama ya kiganja. Kiganja kidogo, vidole vitano vimetanuka. Nyumba ile haikuwa na mtoto. Bibi alikuwa na binti mmoja mwenye mvi.

"Nani aligusa hapa?" nikauliza.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, bado asubuhi, kichwa chake kikiwa safi. Alinitazama kwa upole ambao haukunipendeza.

"Nilikosea," akasema. "Nimekuita wa Pili miezi yote hii. Wewe ndiwe wa Kwanza. Wa Pili ni yule mdogo."

"Mdogo gani?"

"Mwenye jina lako. Alisimama hapo chini ya malkia, bila viatu, akaniuliza kwa nini yule bibi niliyemchora hana kichwa."

Nilirudi nyuma hatua mbili. Nieleze kwa nini. Kwetu jina si lebo. Nilipewa jina la mama mzazi wa baba yangu, na baba, mwanamume mzima mwenye sauti ya kutisha, aliniita mama hadi siku ya kufa kwake, na akinikuta nimesimama ananitafutia kiti. Jina likishatua kwa mtoto, mtoto ndiye yule mtu, na huitwa vile yule mtu alivyoitwa. Ndiyo maana mtu akikuambia kuna mtoto mwenye jina lako anatembea bila viatu katika nyumba isiyo na mtoto, humcheki. Unajiuliza kama umekufa na hukuambiwa. Au ni wewe wa zamani umekuja kujichukua.

Nilifuta kile kiganja kwa dawa ya vioo. Kilipotoka nilisikitika, sijui kwa nini, nikakaa chini kwenye zulia nikalia kidogo. Bibi aliniachia nilie, akaendelea kuchora vitu vyake kwa penseli.

Ijumaa ya wiki hiyo nilijiapia kwamba nitajua. Jumamosi mchana, siku isiyo yangu, niliendesha hadi Golden Valley, nikaegesha upande wa pili wa barabara, injini ikinguruma ili nisigande. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Mtu alipita nyuma ya pazia jepesi akiwa amebeba kitu, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto.

Mama yangu aliinamisha kichwa hivyo. Kaka yangu pia. Yule mtu akapita tena, akasimama kwenye sinki, akatulia kana kwamba amesikia gari.

Ningeweza kushuka. Palikuwa na hatua thelathini, labda pungufu, na theluji ilikuwa imekwisha kuzolewa njiani. Nilishika kitasa cha mlango. Halafu nikaanza kukemea kwa jina la Bwana, nikageuza gari, nikarudi Oakdale nikijiambia nimeona mzimu. Mzimu ulikuwa rahisi zaidi. Mzimu hauhitaji kuombwa msamaha.

Bibi alifariki Jumapili moja ya mwezi wa Machi, baada ya chakula cha mchana. Binti yake alinipigia, akasema amekwenda kwa utulivu, msichana wa wikendi alikuwa amemshika mkono. Akaniomba nipite Jumatatu saa tatu kurudisha ufunguo, na kuna kitu anataka kunionyesha.

Nilifika saa tatu kasorobo. Nikasimamisha gari kwenye kona, mbali na nyumba, nikakaa. Nilijiambia ninaomboleza, na kweli nilikuwa naomboleza, lakini pia niliogopa kuingia jikoni na kukuta kikombe, na niliogopa zaidi kuingia nisikikute. Saa tatu ikapita. Nilibonyeza kengele saa tatu na dakika ishirini.

Binti alinikumbatia mlangoni. Akaniongoza hadi chumba cha kulia, ule ukuta ukiwa bado umejaa wanawake.

"Angalia hapa," akasema. "Maskini mama yangu. Wiki zake za mwisho alianza kuchanganya."

Chini ya karatasi, pembeni, mbali na malkia wote, kulikuwa na mstari mpya wa wino mwekundu. Juu yake jina la kaka yangu, ambalo sikuwahi kumtajia bibi. Kando yake langu, na namba moja. Kutoka kwa kaka mstari ukashuka hadi kwa jina la nyumbani la binti yake, lile asilowaambia Wazungu. Na kutoka kwa huyo ukashuka tena, mfupi, hadi kwa jina la mwisho, herufi zile zile zilizoandikwa juu, lote zima, na namba mbili.

"Jina lako ameliandika mara mbili," binti akasema, akifuta macho. "Unisamehe. Alikupenda sana, nadhani alisahau ameshakuandika."

Nilitaka kumwambia hakusahau. Lakini nilikuwa nasoma ule mstari kama mtu anayesoma barua ya hospitali. Msichana akizalia nyumbani kwao, jina la binti yake wa kwanza hutoka kwao, na jina lenyewe ni la mama yake mzazi. Mama yake mzazi alikuwa na jina zuri. Alimruka. Alikuja hadi kwangu, mimi niliyempa muda wa kuvaa koti, akaniweka kwenye nafasi ya mama.

"Msichana wa wikendi," nikasema mwishowe. "Ni nani?"

Binti akashangaa. "Nilidhani mnajuana. Alikuwa hapa sasa hivi, na mtoto wake. Alisema atakungoja. Alingoja hadi saa tatu na robo, halafu akasema pengine hutaki, akaondoka." Akashusha sauti. "Yule mtoto alikuwa akija naye siku akikosa mtu wa kumwachia. Ofisi yao ingemfukuza. Mama aliniapisha nisiseme."

"Na chai?"

"Ile yako? Alikuwa akiipika Jumapili kabla hajaondoka. Alisema kwenu mtu akitarajiwa, chai yake hufunikwa. Nilimwambia itakuwa baridi kufikia asubuhi. Akasema utaipasha moto." Alinitazama. "Hukuwa ukiinywa?"

Kiti kilikuwa karibu, nikakikalia. Nilikuwa nimemwaga chai ya majira yote ya baridi. Kila Jumatatu mtoto wangu aliniambia hiki kina mwenyewe, msiguse, na mimi nikasuuza kikombe mara mbili kwa maji ya moto. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, na kumbe chai ni vivyo hivyo.

Nilikwenda jikoni. Kilikuwepo mezani, kisahani juu, kijiko juu ya kisahani. Niliweka viganja pande zote mbili. Kilikuwa bado na moto.

Nikanywa nimesimama, na koti langu mwilini, yote, hadi yale machicha ya tangawizi ya chini yanayokwaruza koo. Nililia nikinywa, ikawa na chumvi. Halafu nikatoa simu, nikatafuta ile namba niliyoifungia, nikaifungua. Vidole vyangu vilikosea mara mbili.

Ililia mara nne. Ikapokelewa, na nikasikia muziki wa katuni ukikatika, na mlio wa taa za gari za kukata kona, tiki, tiki, tiki. Mtoto alikuwa kiti cha nyuma na simu ya mama yake.

"Hello?" sauti ndogo ikasema.

Sikuwa nimepanga neno. "Wewe ni nani?" nikauliza.

Akalitaja jina langu. Lote, bila kulikata mahali, kwa uzito wake unaotakiwa.

"Hata mimi," nikamwambia.

Kisha kutoka mbele ya gari nikasikia sauti niliyoilea, sauti ambayo kwa miaka mitatu nilikuwa nimeikataza neno moja.

"Tata," ikauliza, "ni nani huyo?"

Tukaitika wote wawili.